Zahanati ni ya michango yetu, diwani anataka iwe ya kampeni yake

Mama mshauri, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nje ya nchi, ambako nimeishi na kufanya kazi kwa miaka mingi. Mimi ni mweka hazina wa chama cha watu tuliotoka kata moja. Tumetawanyika katika nchi kadhaa na si matajiri. Wengi wetu tunahudumia wazee, tunaendesha magari, tunafanya usafi usiku katika majengo ya watu. Wauguzi na wahandisi ni wa kuhesabu. Lakini kila mwezi tunachanga, na aliyekwama mwezi huu hufidia mwezi ujao.

Tuliamua kujenga zahanati. Kwetu mgonjwa akizidiwa hubebwa mwendo mrefu kabla ya kufika penye huduma, na humu chamani wamo waliopokea habari za msiba wakiwa kazini, za ndugu ambao pengine wangepona. Hoja hiyo haikuhitaji mjadala. Tulipiga kura kwenye mkutano wetu wa mtandaoni, tukatuma pesa za kwanza, fundi akaanza. Sasa kuta zimefika usawa wa lenta.

Hapo ndipo diwani alipojitokeza. Wakati wa kuchimba msingi hatukumwona. Sasa anataka jiwe la msingi lenye jina lake na la chama chake, na anataka aliweke kabla ya uchaguzi, ambao ni mwishoni mwa mwaka huu. Anataka pia vifaa vilivyobaki vinunuliwe kupitia mkandarasi aliyetuletea yeye. Tulipoulizia tukaambiwa huyo mkandarasi ni shemeji yake. Tulipositasita, akaja na jambo la tatu: nyumba ya mganga na kisima, ambavyo vipo kwenye mpango wetu, vijengwe upande wa pili wa kata, kule alikopata kura nyingi. Na ametukumbusha, kwa upole kabisa, kwamba ombi la kupata mganga na dawa ni lazima lipitie kwake.

Chama kimegawanyika. Wapo wanaosema tumpe anachotaka kazi iishe, wagonjwa hawawezi kusubiri malumbano. Wapo wanaosema tusimamishe kila kitu na kila mtu arudishiwe mchango wake. Katikati ya hayo, mwenyekiti wetu akatangaza kwamba anarudi nyumbani kugombea udiwani kupitia upinzani. Huyu ndiye aliyeanzisha chama, ndiye aliyechanga kuliko wote, na bila yeye pasingekuwa na ukuta hata mmoja. Lakini picha zake akiwa amesimama kwenye msingi zimesambaa kila mahali, na diwani naye amepata la kusema: hiyo ni zahanati ya wapinzani. Baadhi ya wananchi waliokuwa wakijitolea kusomba mchanga na maji wameacha kuja. Mdogo wake diwani ni mwanachama mwenzetu, na kila tunachozungumza kinafika kule kabla hatujamaliza kikao.

La mwisho linaniuma mimi. Mama yangu anaishi karibu na eneo la ujenzi. Pesa za mafundi nilikuwa natuma kwake, na funguo za stoo ya saruji anazo yeye. Sasa anasemwa mikutanoni kwamba binti yake anawaletea siasa. Alipokwenda kutafuta barua ya utambulisho kwa shida zake binafsi, alizungushwa hadi akakata tamaa. Ana umri mkubwa, na hakuchangia chochote katika ugomvi huu isipokuwa kunizaa.

Je, tumpe diwani jiwe lake? Au tusimamishe? Mwenyekiti wetu tumfanyeje? Na kuna njia gani ya kuiondoa siasa kabisa kwenye mradi huu? Hatukutaka siasa. Tulitaka zahanati.

Mweka hazina, ughaibuni

*

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa mzigo, na mpe mama yako salamu zangu.

Msisimamishe, wala msimpe yote anayoyataka. Jiwe linazungumzika. Mkandarasi hapana. Nyumba ya mganga na kisima si vyake kuvihamisha, na si vyenu pia, kama nitakavyokueleza. Mwenyekiti aachie kiti wiki hii. Na mama yako atolewe kwenye mradi leo, kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Sasa niingie ndani, nikianza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo limebeba mengine. Siasa haitaondoka. Zahanati inahitaji mganga, na mganga ni mwajiriwa wa serikali. Inahitaji dawa zinazopangiwa bajeti na watu waliochaguliwa. Imekaa upande mmoja wa kata na si upande mwingine, kwa hiyo kuna mama mjamzito ambaye itamkaribia na mwingine itakayemwacha mbali. Uamuzi wa nani apate huduma jirani na nani atembee ndiyo siasa yenyewe, na mliufanya ninyi siku mlipopiga kura mtandaoni. Mngekuwa mnamlipia ada mtoto yatima, mngeweza kusema hayo ni mambo ya huruma tu. Jengo la umma ni jambo jingine.

Hamko peke yenu. Watu wa jimbo la Zacatecas nchini Meksiko wanaoishi Marekani, hasa Los Angeles na Chicago, walianza miongo mingi iliyopita kuunda klabu za watu wa kijiji kimoja na kutuma pesa za barabara, maji, madarasa na makanisa. Serikali ya jimbo ikaanza kuongezea michango yao, na mwaka 2002 serikali kuu ikaufanya mpango huo kuwa wa nchi nzima, ukaitwa Tatu kwa Moja: kila peso ya wahamiaji iliongezewa peso moja na manispaa, moja na jimbo, na moja na serikali kuu. Ukiusoma kwenye karatasi, ni vigumu kuutafutia kasoro. Wahamiaji wana sauti, serikali inawajibika, pesa inazaa mara nne.

Lakini watafiti Javier Aparicio na Covadonga Meseguer walipochunguza ni manispaa zipi zilizonufaika, waliona mkono wa vyama. Sehemu zilizokuwa ngome za PAN, chama kilichokuwa kinaongoza serikali kuu wakati huo, zilipendelewa. Na maeneo maskini kabisa hayakuwa ndiyo yaliyofaidika zaidi, kwa sababu fukara wa kweli mara nyingi hana ndugu ng'ambo wa kuanzisha klabu. Tazama pia kipindi cha uongozi. Meya wa Meksiko alikuwa na miaka 3, na kwa miongo mingi katiba haikumruhusu kugombea mfululizo. Zuio hilo liliondolewa katika mageuzi ya mwaka 2014. Maana yake, mradi usiokamilika ndani ya miaka hiyo 3 ulibaki mikononi mwa mtu mwingine, tena pengine wa chama kingine, asiye na sababu ya kumalizia sifa za aliyemtangulia. Hatimaye nchi ikapata serikali ya chama kingine, na katika bajeti ya mwaka 2020 mpango mzima ukakosa fungu la serikali kuu. Klabu zilizotegemea ahadi ya ofisi moja zikabaki na michango yao tu.

Nimekueleza hayo ili uone jambo linalokufaa leo. Diwani wako ana tarehe. Uchaguzi ukifika, jiwe lililokuwa dhahabu kwake linabaki jiwe. Ninyi hamna tarehe ya namna hiyo. Katika mazungumzo yenu, yeye ndiye mwenye haraka, na ninyi mmekuwa mkijibu kana kwamba haraka ni yenu. Najua kuna mgonjwa anayesubiri, na sichezi na maisha yake. Lakini hata mkimpa diwani yote kesho, jengo bado halina paa wala mganga. Miezi iliyobaki kabla ya uchaguzi ni ya kupaua, kupiga plasta na kutafuta karatasi, kazi ambazo mngezifanya kwa vyovyote.

Na karatasi ya kwanza kuitafuta ndiyo iliyosahaulika: nani atailetea zahanati mganga na dawa? Barua yako inasema ombi hilo lazima lipitie kwa diwani. Huenda kweli utaratibu unapita kwenye kikao chake, lakini anayeajiri na kupanga watumishi ni ofisi ya afya, na ofisi hiyo ina mtaalamu ambaye hapigiwi kura. Nendeni kwake. Wapelekeeni ramani, waulizeni kama jengo lenu linafuata vipimo vyao, kama lipo kwenye mpango wa eneo, na ni masharti gani yatimizwe ili wapeleke mtumishi. Ombeni jibu la maandishi lenye mhuri na kumbukumbu ya faili. Mwanasiasa akikuahidi mganga, ahadi inaondoka naye. Barua ya ofisi ya afya inabaki kwenye faili, na diwani ajaye ataikuta. Duniani kote wahamiaji wamejenga madarasa yasiyopata walimu na zahanati zilizofungwa kwa kufuli tangu siku ya kukatwa utepe, na sababu mara nyingi ni hii: waliitafuta serikali baada ya kupaka rangi. Kama ofisi ya afya itakwambia jengo lina kasoro, afadhali ulisikie sasa likiwa kwenye lenta.

Nije kwenye kitu ambacho huenda hutafurahi kukisikia. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja nikimtafuta mwananchi wa kata hiyo anayeamua jambo. Simwoni. Namwona akisomba mchanga. Namwona mama yako akishika funguo. Mlipiga kura wenyewe, mtandaoni, mkachagua mradi, mkachagua eneo, mkamchagua fundi, mkatuma pesa. Nia yenu ilikuwa safi na hoja ya wagonjwa ni ya kweli. Hata hivyo, mtu anayelala na kuamka pale hakuulizwa. Diwani, pamoja na tamaa zake zote, anaweza kusimama mbele ya watu na kusema: mimi mlinichagua, hawa wa ng'ambo mliwachagua lini? Na hilo swali lina uzito. Anayetuma pesa kutoka mbali ana nguvu kubwa kwa jamii yake na hakuna uchaguzi wa kumwondoa. Wananchi wakimwona diwani na ninyi mnavutana juu ya jengo ambalo wao hawakuulizwa, watafanya walichofanya: wataacha kusomba mchanga, na kusubiri waone mkubwa gani atashinda.

Ndiyo maana nikasema nyumba ya mganga na kisima si vyenu kuviamulia. Itisheni mkutano wa hadhara, kwa utaratibu wa serikali ya kijiji na si kwa barua ya chama chenu. Waelezeni watu bajeti iliyobaki na vitu vinavyosubiri. Acheni waseme kisima kiwe wapi. Inawezekana kabisa upande wa pili wa kata una shida kubwa zaidi ya maji, na diwani, kwa sababu zake za kura, amesema jambo la haki. Kama mkutano utaamua hivyo, kichimbeni kule na muhtasari wa kikao uandikwe, usainiwe, nakala iende ofisini. Kitakuwa kisima cha mkutano, hakitakuwa cha diwani. Nyumba ya mganga naiona tofauti, maana mganga anayelala mbali na zahanati hawezi kumpokea mzazi usiku. Lakini hata hilo semeni mkutanoni, msiliamue simuni.

Katika mkutano huohuo ichaguliwe kamati ya zahanati. Iwe na watu wanaoishi pale, wa vyama vyote na wasio na chama, na wanawake wasiwe wa kujazia orodha, kwa sababu ndio watakaoitumia zahanati hiyo kuliko mtu yeyote. Katika mpango wa Meksiko zilikuwepo kamati za nyumbani zilizofanya kazi sambamba na klabu za ng'ambo, zikikagua ujenzi. Lauren Duquette-Rury, aliyeufuatilia mpango huo kwa miaka, anaonyesha kwamba ushirikiano wa wahamiaji na manispaa ulizaa matunda bora pale wakazi wenyewe waliposhirikishwa katika kuamua na kusimamia, na ulidhoofika pale mambo yalipobaki kati ya viongozi wa klabu na meya.

Mali inatoa mfano ulio karibu zaidi na jengo lenu. Mkoa wa Kayes, magharibi mwa nchi hiyo, umekuwa ukipeleka watu Ufaransa kwa vizazi, na vyama vyao vimejenga misikiti, shule, zahanati na visima katika vijiji ambavyo serikali ilikuwa haionekani. Kisha mwaka 1999 Mali ikachagua mabaraza ya komyuni, yaani ya serikali za mitaa, nchi nzima. Ghafla kukawa na meya mwenye mpango wake wa maendeleo, na baadaye mwenye madaraka ya kisheria juu ya elimu ya msingi, afya na maji. Baadhi ya wahamiaji walihisi wamenyang'anywa kazi ya mikono yao. Wengine waliona heri waweke watu wao ndani ya mabaraza. Kilichosaidia upande wa afya ni kwamba nchi hiyo ilikuwa tayari na aina ya kituo cha afya cha jamii, cha kwanza kikiwa kimefunguliwa Bankoni, mjini Bamako, mwaka 1989. Vituo hivyo huendeshwa na chama cha watumiaji wenyewe, chenye uongozi wa kuchaguliwa, ambacho hutia saini makubaliano na mamlaka. Kwa mfumo huo, meya akija na meya akienda, kuna watu wa pale wenye hati mkononi. Ninyi mnahitaji kitu cha namna hiyo kwa kadiri sheria za kwenu zinavyoruhusu.

Wamoroko nao walifika huko kwa njia yao. Mwaka 1986 wafanyakazi waliopunguzwa katika kiwanda cha aluminiamu kwenye milima ya Alps, Ufaransa, waliunda shirika la Migrations et Développement na kurudi kuvipatia umeme vijiji vyao kusini mwa Moroko, miaka kadhaa kabla serikali haijaanza mpango wake mkubwa wa umeme vijijini. Pesa na utaalamu vilitoka ng'ambo, lakini kijiji kilikuwa na chama chake cha kukusanya michango ya kaya na kuendesha mitambo. Sina budi kukiri kwamba nawapenda watu hao.

Turudi kwa diwani. Jiwe ni kitu rahisi kuliko vyote anavyovitaka, na nashangaa ndicho kinachowakosesha usingizi wengi wenu. Mpeni heshima ya ofisi yake. Jiwe liandikwe kwamba zahanati imejengwa na wananchi wa kata, walio nyumbani na walio nje, kwa kushirikiana na serikali, na mwaka. Lisiwe na jina la mtu, wala la chama cha siasa, wala la chama chenu. Ndiyo, nasema na la kwenu pia. Mkiweka lenu mtakuwa mmempa sababu ya kudai lake. Liwekwe jengo likiwa tayari kupokea wagonjwa, na kampeni zikiwa zimepita. Kama yeye atakuwa bado diwani siku hiyo, akate utepe kwa mikono miwili na ninyi mpige makofi. Kama ni mwingine, naye vilevile. Mwelezeni hivyo ana kwa ana, kwa adabu, wakiwemo wazee na wajumbe wa kamati, na mumshukuru kwa lolote alilofanya kweli. Mwanasiasa aliyeaibishwa hadharani hana pa kurudi. Aliyepewa kiti cha mbele anaweza kurudi na kukusaidieni.

Kuhusu mkandarasi, hapa msitikisike. Kamati itangaze kazi, ipokee bei kutoka kwa mafundi na wauzaji kadhaa, ifungue bahasha mbele ya watu. Shemeji yake akitaka, aombe kama wengine. Malipo yatoke kwa hatua baada ya kazi kupimwa na fundi asiyehusika, kutoka akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na mmoja wao awe mwanakamati mkazi. Orodha ya nondo, mabati na saruji, bei zake na risiti zake, ibandikwe pale ofisi ya kijiji na isomwe kila mkutano. Hili litawamalizia pia suala la mdogo wake diwani. Msimfukuze. Amechanga kama ninyi, na kuwa ndugu wa mtu si kosa. Anapeleka habari kwa sababu kuna habari za siri. Kila kitu kikibandikwa ukutani, hatakuwa na cha kupeleka.

Mkitekeleza hayo na diwani akazuia kibali au akakalia ombi lenu, andikeni kwa ofisi yake, nakala kwa ngazi ya juu yake na kwa ofisi ya afya, mkiambatanisha muhtasari wa mkutano wa hadhara. Barua itoke kwa kamati, watu wenye kura. Nakuhakikishia mwezi wa kampeni hakuna diwani anayependa kubeba barua inayosema amezuia zahanati iliyoamuliwa na wapiga kura wake. Na kama bado atakaidi, pesa zikae benki hadi uchaguzi upite. Kusubiri kwa namna hiyo kuna gharama, na mtakaoulizwa ni ninyi. Waelezeni wanachama mapema ili wanaotaka kurudishiwa michango wasidhani mradi umekufa.

Mwenyekiti wenu ana haki ya kugombea, na wala asisemwe vibaya. Huko Zacatecas, Andrés Bermúdez, mhamiaji aliyetajirika kwa kilimo cha nyanya California, alichaguliwa meya wa Jerez mwaka 2001, ushindi wake ukafutwa kwa sababu ya masharti ya ukaazi, sheria za jimbo zikarekebishwa kuwafungulia mlango wahamiaji, naye akashinda tena mwaka 2004. Mtu aliyeijua kata yake na akaijua dunia anaweza kuwa diwani mzuri. Lakini hawezi kuwa mgombea na wakati huohuo kushika mfuko ambao nusu ya wanaochanga pengine hawamtaki yeye wala chama chake. Aachie kiti kwa barua, atoe picha za ujenzi kwenye kurasa zake, asiende eneo la ujenzi hadi uchaguzi upite. Achange kama mwanachama wa kawaida. Kisha andikeni kwenye katiba yenu kwamba kiongozi yeyote anayechukua fomu ya kugombea anakoma kuwa kiongozi siku hiyohiyo, ili lisionekane ni jambo mlilomtungia yeye.

Nenda kwake wewe mwenyewe kabla ya kikao. Usimsomee haya mbele ya watu. Mwambie unachokiona: kwamba diwani hana hoja yoyote dhidi ya zahanati ila yeye. Kama anaipenda kazi aliyoianza kama unavyosema, hilo litamuuma na atakuelewa. Akikataa, kikao kipige kura, na wewe kama mweka hazina usitoe malipo mapya hadi wapatikane watia saini wapya. Watakaokulaumu watakuwepo.

Mama yako sasa. Funguo za stoo zikabidhiwe kwa kamati kwa maandishi, vifaa vihesabiwe mbele ya mashahidi, yeye asaini na wao wasaini. Pesa za mradi zisipite tena kwenye simu yake hata mara moja, hata kama benki imefungwa na fundi anapiga kelele. Ukimtumia matumizi, mtumie kwa njia ambayo haijawahi kupitisha hela ya zahanati, ili akiulizwa aweze kuonyesha. Kwenye mkutano wa hadhara asiketi mezani na asisemee chama. Aende kama mkazi, aseme la kwake kama analo. Barua ya utambulisho ni haki yake. Aifuate tena akiwa na mtu mzima wa kumsindikiza, na akizungushwa aombe sababu kwa maandishi. Usilichanganye hilo na madai ya mradi, wala usiruhusu mtu wa chama chako alitumie kumshambulia diwani, hata kama ni kweli ndiye chanzo. Mtakuwa mmempeleka tena mama yako katikati ya mapambano ambayo unajaribu kumtoa.